Breki za Fahari

Nchi yenyewe iko pale ambapo ramani hukunjwa, ndiyo maana ukiitafuta utakuta karatasi imechanika. Inaitwa Jamhuri Tukufu ya Maringo. Watu wake wana akili timamu: wanalima, wanachuuza, wanalipa kodi, na wakitaka kucheka hutazama kwanza nyuma. Serikali yake ni nzuri mno. Hilo halina ubishi, kwa sababu serikali yenyewe hulitangaza kila asubuhi redioni, kabla tu ya taarifa ya hali ya hewa, ambayo nayo huwa nzuri hata mvua ikiwa inang'oa mabati.

Siku moja ilitangazwa kwamba Maringo itaunda gari lake lenyewe. Gari lilipewa jina kabla halijapewa injini. Likaitwa Fahari. Wageni kutoka nchi ya baridi walikubali kuleta mitambo, na kiwanda kikajengwa juu ya kilima kirefu kuliko vyote katika jiji la Madaha. Wahandisi walikuwa wameshauri kijengwe bondeni, karibu na reli, lakini Mtukufu Rais alitaka awe anakiona akiwa kitandani. Kutoka kwenye lango la kiwanda ikatandazwa barabara ya lami inayoshuka moja kwa moja hadi mjini, imenyooka kama rula.

Likabaki jambo moja. Wageni walijua Kiingereza tu, tena Kiingereza cha mashine. Vijana wa Maringo waliomaliza shahada za uhandisi walikijua Kiingereza vizuri, lakini kilikuwa Kiingereza cha kuombea kazi na kutolea hotuba harusini. Ndipo akaitwa Mwalimu Asumpta Ndelwa wa Chuo cha Ufundi, mwanamke mfupi wa makamo, mchache wa maneno, aliyeipenda kazi yake na kuogopa kuipoteza. Akaambiwa awaandae vijana hao kwa ajili ya kiwanda.

Siku ya kwanza wanafunzi walimtazama kama mtu aliyetumwa kuwafundisha kutembea.

"Mwalimu, samahani," alisema kijana mmoja aitwaye Fikirini, aliyevaa tai. "Sisi Kiingereza tumekisoma tangu utoto. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya midahalo."

"Vizuri," Asumpta akasema. Akasimamisha gurudumu juu ya meza, akalishika kwa mkono mmoja. "Mimi ni mhandisi mgeni. Nati za gurudumu hili zimelegea. Niambie kwa Kiingereza."

Fikirini akakohoa, akarekebisha tai. Akaanza, kwa Kiingereza safi kabisa, kumshukuru mwalimu kwa nafasi hiyo adhimu. Akaendelea kwamba, kwa heshima na taadhima, na bila kuingilia mamlaka ya mtu yeyote, angependa kuyafikisha mbele ya wahusika masuala fulani yaliyojitokeza katika maeneo ya jirani na gurudumu. Hapo Asumpta akaachia mkono. Gurudumu likaanguka, likavingirika katikati ya madawati na kugonga mlango kwa kishindo.

"Abiria wako wameshaingia mtoni," Asumpta akasema. "Nani mwingine?"

Aliyeinua mkono alikuwa Levina Kasogo, msichana mrefu aliyekaa nyuma, mwenye sauti nzito. Alisema maneno machache tu: nati zimelegea, usiendeshe, zikaze. Darasa likacheka kwa jinsi yalivyokuwa mafupi.

"Msicheke," Asumpta akasema. "Hicho ndicho Kiingereza cha ufundi. Kitu gani, kina nini, tufanye nini. Basi. Mnavyozungumza nyinyi ni kama watu wanaoogopa kupigwa. Humu ndani hakuna atakayewapiga."

Alisema hivyo kwa nia njema. Hakujua kwamba Waziri alikuwa njiani.

*

Mheshimiwa Pazi Lugendo, Waziri wa Viwanda na Shangwe, alifika chuoni na kundi la wapiga picha. Aliposukuma mlango wa darasa alilikuta darasa zima likirudia kwa sauti moja, kwa Kiingereza: breki zimekufa, breki zimekufa, breki zimekufa.

Waziri akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Breki za nani zimekufa?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," Asumpta akasema. "Ni mfano tu."

"Mfano wa nchi gani?"

"Wa gari lolote, Mheshimiwa."

"Hapa kuna gari moja tu, Mwalimu. Ni Fahari. Na Fahari ni taifa. Kwa hiyo unawafundisha vijana wetu kusema, tena kwa lugha ambayo mabalozi wanaisikia, kwamba taifa limekufa breki?" Akawageukia wapiga picha ili wampige upande wake mzuri. "Adui hatakuja na bunduki. Atakuja na msamiati!"

Wiki hiyohiyo wizara ikatoa mwongozo. Maneno yote ya Kiingereza yenye maana ya kuvunjika, kulegea, kuvuja, kupasuka na kufa yalipigwa marufuku katika mafunzo ya magari, na badala yake yakatolewa maneno yenye uzalendo. Ufa katika chuma sasa uliitwa tabasamu. Injini ikivuja mafuta, ilikuwa imeonyesha ukarimu. Gari lililokataa kuwaka lilikuwa katika tafakuri. Na breki zikikataa kushika, gari lilisemekana kuwa na moyo wa kusonga mbele.

Asumpta aliitwa wizarani kupewa maelekezo na Waziri mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kirefu ambacho miguu yake haikugusa sakafu, akasikiliza hadi mwisho.

"Na gari likishika moto, Mheshimiwa?"

"Limechangamka," Waziri akajibu bila kusita. Neno hilo lilikuwa limeshafikiriwa.

"Na mtu akifa ndani yake?"

"Mtu si sehemu ya gari. Hiyo ni wizara nyingine."

Asumpta akarudi chuoni. Alikuwa na kodi ya nyumba na mama mgonjwa, na alijua walimu waliowahi kuhamishiwa visiwa ambavyo havina shule. Usiku ule hakulala vizuri. Lakini asubuhi, alipokuwa akipiga mswaki, wazo likamjia, akacheka na povu mdomoni.

Wizara ilikuwa imempeleka mkaguzi wa kukaa darasani. Mzee huyo hakujua Kiingereza. Alikaririshwa maneno yaliyokatazwa tu, na kazi yake ilikuwa kuyasikiliza na kupiga kengele. Asumpta alimsalimia kwa adabu, akamvutia kiti, kisha akawaambia wanafunzi kwa sauti ya kawaida:

"Leo hatutataja ubaya wowote. Tutasema kinachotokea, basi. Levina, unakanyaga breki. Kinatokea nini?"

Levina akafikiri kidogo. Akasema kwa Kiingereza: nakanyaga breki mpaka mwisho, na gari linaendelea kwenda.

Mkaguzi akatega sikio. Kukanyaga, ruksa. Breki, ruksa. Gari, ruksa. Kwenda, ruksa kabisa, hata kunahimizwa. Kengele haikulia.

"Fikirini?"

Fikirini, ambaye siku hizo alikuwa ameshaivua tai, akasema: kopo la mafuta ya breki lilikuwa limejaa asubuhi, sasa ni tupu, na sakafu imelowa.

"Safi," Asumpta akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe wizarani mabega yake yakashuka. "Hakuna aliyetukataza kusema kinachotokea. Kwa sababu hakuna aliyedhani tunaweza."

Wanafunzi wakaelewa. Kuanzia hapo darasa lile likawaka. Walielezana kila kitu wanachokiona, kinachosikika, kinachonuka, kwa sentensi fupi zisizo na pa kujificha. Mkaguzi alisinzia kwa amani, na katika taarifa yake akasifu usafi wa lugha.

*

Vijana wakahitimu, wakaingia kiwandani. Haukupita muda Levina akaja chuoni mchana mmoja, akiwa na ovaroli yake, macho mekundu.

"Mwalimu, zile sentensi zetu sasa ni za kweli," akasema.

Akaeleza. Wageni walikuwa wamepanga kuleta paipu za breki kutoka kwao. Waziri Pazi akasema hapana, tuthamini vya nyumbani, na kazi akapewa shemeji yake, mwenye kiwanda cha kutengeneza mirija ya kunywea soda. Shemeji hakubadilisha mashine. Alibadilisha rangi tu. Ukikanyaga breki za Fahari mara ya kwanza, linasimama. Ukikanyaga tena, paipu inapasuka, mafuta yanamwagika, na gari linakwenda linakotaka.

"Umemwambia mhandisi wao, yule Bwana Ostrem?"

"Taarifa zote lazima zipitie kwa Mkalimani Mkuu. Niliandika kinachotokea, neno kwa neno. Mkalimani akampelekea kwamba Fahari lina moyo wa kusonga mbele. Bwana Ostrem akaandika chini: hongereni. Nikamfuata mwenyewe, nikamwambia mdomoni. Akawa mweupe zaidi. Halafu akasema mkataba wake haumruhusu kupokea habari ambayo haijatafsiriwa."

"Lakini ulimwambia kwa Kiingereza!"

"Ndiyo. Akasema ndiyo maana haijatafsiriwa."

Kisha Levina akasema lililokuwa zito kuliko yote. Uzinduzi ulikuwa umekaribia. Mtukufu Rais angeshuka kilima ndani ya Fahari, mbele ya mabalozi, na chini ya kilima watoto wa shule wangepangwa katikati ya barabara kumpokea kwa nyimbo na vibendera. Yeye, Levina, alikuwa amechaguliwa kutoa hotuba ya Kiingereza kwa niaba ya wahitimu.

"Nisome waliyoniandikia?" akauliza.

Asumpta alitaka kumwambia soma, mwanangu, urudi nyumbani salama. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi. Akawafikiria wale watoto na vibendera vyao.

"Sema kinachotokea," akamwambia. "Mimi nitakuwepo."

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali, na redio ilisema ni baridi ya kupendeza. Fahari jeupe lilisimama mbele ya lango, pua yake ikitazama mteremkoni, limefungwa utepe. Vipaza sauti vilikuwa vimetundikwa juu ya nguzo zote hadi chini ya kilima, ili asiwepo wa kukosa sifa. Mtukufu Rais alikaa kwenye kiti chake cha enzi, Waziri Pazi kulia kwake. Bwana Ostrem alikaa na mabalozi. Asumpta alipewa kiti nyuma kabisa, jirani na mapipa ya taka.

Levina akapanda jukwaani. Pembeni yake akasimama Mkalimani Mkuu wa Taifa, Bwana Shadhili, mzee wa suti ya krimu ambaye katika maisha yake hakuwahi kutafsiri habari mbaya.

Levina akaiweka hotuba aliyoandikiwa chini ya jagi la maji. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba ukikanyaga breki za gari hili mara ya pili, gari halisimami.

Mabalozi wakaacha kujipepea. Bwana Shadhili akaunyanyua mkono juu:

"Anasema, gari hili, hakuna kitakachoweza kulisimamisha!"

Watu wakapiga makofi. Mtukufu akatabasamu.

Levina akasema tena kwa Kiingereza: msimwache mtu aliendeshe.

"Anasema, hili si gari la kuendeshwa na mtu yeyote tu!"

Vigelegele. Levina akaonyesha kwa kidole chini ya kilima, akapaza sauti: watu watakufa.

"Anasema, watu watakufa," Bwana Shadhili akatafsiri, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetaka kuishia hapo. Kisha akamwona Waziri. "Kwa furaha!"

Uwanja ukalipuka. Bendi ikapiga. Mtukufu Rais akainuka, akakunja mikono ya kanzu yake, akaanza kuelekea garini. Bwana Ostrem alikuwa anatazama viatu vyake.

Asumpta hakumbuki alivyofika jukwaani. Anakumbuka tu kwamba kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa Levina. Hakutumia Kiingereza. Alisema kwa lugha ya taifa, ile ambayo watu wote wa Maringo huitumia sokoni na jikoni, na sauti yake ikashuka kilima kizima, nguzo hadi nguzo.

"Breki za gari hili zimekufa. Mtukufu, usipande. Walimu mlioko chini, ondoeni watoto barabarani. Sasa hivi."

Bendi ikanyamaza vipande vipande, tarumbeta ya mwisho ikiwa peke yake.

"Kamata huyo!" Waziri Pazi akafoka. "Huyo ni mwalimu wa Kiingereza! Hana kibali cha kusema kwa lugha ya taifa!"

Lakini chini kule walimu wa shule walikuwa wameshasikia, na lugha ilikuwa ya kwao. Vibendera vikaonekana vikipanda kingo za barabara upesi upesi.

Mtukufu Rais alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele. Hakuwa mtu mwema sana, ila alipenda kuishi.

"Pazi," akasema. "Ni kweli?"

"Uzushi, Mtukufu. Uzushi wa kigeni."

"Basi endesha wewe. Sisi tutakushangilia."

Waziri akacheka kicheko kifupi. Hakuna mwingine aliyecheka. Akaingia garini akitembea kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, akaweka mguu kwenye breki, akatoa gia iliyokuwa imelizuia gari, akawasha. Fahari likanguruma. Hapo ndipo Levina alipotelemka jukwaani, akaenda na kukaa chini kwenye lami, mbele ya gari, hatua chache tu kutoka kwenye bampa. Fikirini akamfuata na kukaa kando yake. Wakaja wahitimu wengine, na ovaroli zao, na baada yao mafundi ambao hawakuwahi kusoma kwa Asumpta wala kwa mtu mwingine. Barabara ikajaa. Askari waliwatazama wakubwa wao, na wakubwa wao walimtazama Mtukufu, na Mtukufu alikuwa anatazama tu.

Waziri akatoa kichwa dirishani. "Ondokeni! Nataka kupita!"

"Pita, Mheshimiwa," Asumpta akasema. Alikuwa bado na kipaza sauti. "Njoo mpaka walipo, kisha ukanyage breki mara mbili. Utawaumbua mbele ya mabalozi. Mimi nitakuwa muongo, nifungwe."

"Waambie waondoke kwanza!"

"Kama litasimama, Mheshimiwa, kwa nini waondoke?"

Kilima kizima kilisubiri jibu. Waziri alishika usukani kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtiririka likaingia kwenye kola. Alitazama mbele, akawatazama vijana wale waliokaa wakimtazama machoni, na kitu fulani usoni mwake kikaporomoka. Akafungua mlango, akatoka.

Alisahau kwamba gari lilikuwa mteremkoni. Alivuta breki ya mkono, ni kweli, lakini hiyo nayo ilikuwa ya shemeji.

"Pisheni!" Asumpta akapiga kelele. Vijana wakaruka huku na huku. Fahari likapita katikati yao, polepole mwanzoni, kwa heshima kama bwana harusi, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ya kutisha. Likateremka barabara nzima. Likapita pale walipokuwa watoto, pakiwa patupu, na kibendera kimoja tu kimeanguka. Likaenda kujipigiza kwenye sanamu ya Mtukufu Rais, ambayo hata hivyo ilikuwa na mkono ulionyoshwa mbele, kama inasema simama.

Redio ilitangaza jioni ileile kwamba Maringo imekuwa nchi ya kwanza ulimwenguni kuzindua gari linalojiendesha lenyewe. Waziri Pazi akapandishwa cheo. Bwana Ostrem akapewa nishani, akaipokea, akaondoka na ndege ya kwanza.

*

Asumpta alikaa mahabusu kwa muda, kisha akapelekwa mbele ya Kamati ya Taifa ya Kurekebisha Matamshi. Mwenyekiti wake, Profesa Mwinjuma, alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene.

"Mwalimu, sisi hatukutakii mabaya," akasema. "Tumeisikiliza kanda. Wanakamati wanaamini ulisema breki zimekua. Zimekua, yaani zimekomaa, zimestawi. Kulikuwa na upepo. Kama utakubali kwamba ile herufi ya kati ilikuwa upepo tu, unarudi darasani kesho."

Asumpta akawaza kodi ya nyumba. Akamwaza mama yake. Akawaza darasa lake, meza yake, chaki, sauti ya Levina kutoka nyuma. Alivitaka vyote hivyo, alivitaka sana.

"Zimekufa," akasema.

"Jaribu polepole, Mwalimu. Zi-me-ku-"

"Fa."

Mwanakamati mmoja aligeuza uso dirishani ili asionekane anacheka. Profesa akavua miwani, akaifuta. Uamuzi ulisomwa: Asumpta Ndelwa amefukuzwa kazi, haruhusiwi kufundisha Kiingereza popote ndani ya Jamhuri.

Akatoka nje. Uani kulikuwa na magari ya wanakamati, kila mmoja alikuwa amezawadiwa Fahari jipya. Yalikuwa yamepangwa vizuri, na kila tairi ilikuwa imewekewa jiwe kubwa mbele na nyuma. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kuzunguka yale mawe.

Alipokuwa ameshatembea kidogo kuteremka kuelekea mjini, alisikia viatu nyuma yake. Alikuwa Profesa Mwinjuma, mkoba kwapani, anatokwa jasho, anakwenda kwao kwa miguu. Walikwenda sambamba, kwa sababu barabara ilikuwa moja.

"Mwalimu," hatimaye Profesa akasema, bila kumtazama. "Tafadhali. Usiseme kwamba umeniona hivi."

"Nitasema," Asumpta akamjibu.

Akaongeza mwendo, akamwacha nyuma, akafika sokoni watu wakiwa wamejaa, akapanda juu ya kreti la soda, na akasema.